Italia 1898: Mwaka wa Mkate na Mizinga

Majira ya baridi ya mwaka 1897 kuingia 1898 yaliikuta Italia na maghala matupu. Mavuno ya ngano yalikuwa mabaya, na bei ya mkate ikaanza kupanda mji baada ya mji. Milano, kilo moja iliyokuwa ikiuzwa kwa kiasi cha sentesimi 35 ilikuja kufika 60. Sentesimi 100 ndizo zilizofanya lira moja, na lira moja hivi ndiyo aliyorudi nayo nyumbani kibarua wa shamba wa Puglia au wa bonde la mto Po, siku alizobahatika kupata kazi. Kwa mtu huyo mkate ndio uliokuwa chakula chenyewe. Nyama aliionja sikukuu. Huko kaskazini wengi hata mkate wa ngano hawakuumudu. Waliishi kwa polenta, ugali wa mahindi usio na kitoweo cha maana, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka ugonjwa wa pelagra ukawachubua ngozi na kuwavuruga akili.

Mavuno mabaya hayakuipandisha bei peke yake. Tangu 1887 serikali ilikuwa ikiwakinga wenye mashamba makubwa dhidi ya ngano ya bei nafuu kutoka Marekani na Urusi, na kufikia 1895 ushuru wa forodha ulikuwa lira 7.50 kwa kila kilo 100 zilizoingia nchini. Fedha hizo alizilipa mlaji. Januari 1898 serikali ya Waziri Mkuu Antonio di Rudinì iliushusha ushuru hadi lira 5, tena kwa muda tu. Rudinì mwenyewe alikuwa markizi wa Sisilia, mwenye mashamba, na bunge lililomweka madarakani lilijaa watu wa tabaka lake. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 30, waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa kama milioni 2. Kisha mwezi Aprili Marekani ikaingia vitani na Uhispania kwa ajili ya Kuba. Usafiri wa baharini ukavurugika, nauli za meli zikapanda, na ngano ya ng'ambo ikazidi kuadimika. Serikali ilipokuja kuusimamisha ushuru wote mwanzoni mwa Mei, watu walikuwa wameshaanza kuuawa.

Mambo ya mwaka ule yamesimuliwa mara nyingi kama kisa cha uasi. Mimi nayaona kuwa kisa cha watawala walioshindwa kuamini kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani kwake akapaza sauti kwa sababu ana njaa, wala hakutumwa na yeyote. Walitafuta njama. Walizitafuta kwa wajamaa, kwa waanarkisti, kwa mapadri, kwa wahariri wa magazeti, na walipozikosa waliwapiga watu risasi kana kwamba wamezipata.

Ufalme wenyewe ulikuwa bado mchanga. Italia iliunganishwa mwaka 1861, Roma ikatwaliwa kutoka kwa Papa mwaka 1870, na tangu hapo Papa, akijihesabu mfungwa ndani ya Vatikani, aliwakataza Wakatoliki kushiriki uchaguzi wa bunge. Kwa mkulima wa kusini, dola mpya ilijulikana kwa kodi na kwa wito wa jeshini. Mwaka 1869 ilimletea kodi ya kusaga: kinu kilifungwa chombo cha kuhesabu mizunguko ya jiwe, na maskini akalipa serikali kabla unga haujafika jikoni kwake. Kodi hiyo haikufutwa kabisa hadi 1884, na miaka mitatu baadaye ushuru wa ngano ukashika nafasi yake. Karibu nusu ya watu wa nchi hawakujua kusoma wala kuandika. Waliochoka waliondoka. Mwaka huo wa 1898 peke yake zaidi ya robo milioni ya Waitalia walihama kwenda kutafuta maisha, wengine ng'ambo ya bahari huko Argentina, Brazili na Marekani, wengine kwa miguu na treni hadi Uswisi na Ufaransa.

Halafu kulikuwa na kidonda cha Afrika. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, majeshi ya Menelik II na Malkia Taytu yalilivunja jeshi la Italia lililotaka kuigeuza Ethiopia kuwa koloni. Kwa siku moja walikufa maelfu, Waitalia pamoja na askari Waeritrea waliopigana chini ya bendera yao. Habari zilipofika Italia umati ulimiminika barabarani. Pavia watu waling'oa reli ili treni za wanajeshi zisiondoke, na kulikuwa na waliothubutu kumpigia Menelik vigelegele hadharani, jambo ambalo kila Mwafrika anayesoma historia hii angependa kulikumbuka. Waziri Mkuu Francesco Crispi akaanguka, Rudinì akaingia.

Mkono huohuo wa kikoloni ulikuwa umefika karibu zaidi na sisi. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Italia bandari za Benadir: Warsheikh, Mogadishu, Marka na Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimwini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu. Kampuni iliyokuja kukabidhiwa bandari hizo iliundwa na wenye viwanda vya pamba wa Milano, na mapatano yake na serikali yalifikiwa mwaka huohuo wa 1898. Mji ambao ungepigwa mizinga kwa ajili ya mkate ndio uliokuwa ukitafuta pamba na soko Barawa.

Na bado mwaka ulikuwa umepangwa uwe wa sherehe. Tarehe 4 Machi ilitimia miaka 50 tangu Mfalme Carlo Alberto alipotoa Statuto, katiba ya ufalme wa Sardinia iliyokuja kuwa katiba ya Italia nzima. Torino, mji ilikotolewa, ukaandaa maonyesho makubwa ya taifa katika bustani ya Valentino kando ya mto Po: mitambo, umeme, sanaa, mazao ya kila mkoa.

Siku mbili baada ya jubilei hiyo alikufa Felice Cavallotti. Alikuwa mshairi, mbunge, kiongozi wa chama cha radikali, mtu aliyekwenda kupigana pamoja na Garibaldi akiwa kijana mdogo, na ndiye aliyemwandama Crispi miaka yote kwa kashfa za fedha. Tarehe 6 Machi, katika kiunga cha nyumba moja nje kidogo ya Roma, alipambana kwa upanga na Ferruccio Macola, mbunge wa mrengo wa kulia na mhariri wa gazeti la Venezia, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa magazetini. Mapambano ya namna hiyo Cavallotti alikuwa ameshapigana zaidi ya 30. Safari hii upanga ulimwingia mdomoni ukakata mshipa wa shingo. Milano ilimlilia kama mzazi. Ninamtaja kwa sababu upande wa upinzani ulikuwa na mtu mmoja tu ambaye wafanyakazi walimpenda na ambaye hata mawaziri walilazimika kumsikiliza, na mtu huyo hakuwapo tena ulipofika mwezi Mei.

Machafuko yalikuwa yameanza zamani. Januari, mjini Ancona, watu waliandamana kwa sababu ya bei ya mkate, na polisi wakamkamata Errico Malatesta, mwanarkisti mashuhuri aliyekuwa akiishi humo kwa siri akiendesha gazeti. Alihukumiwa miezi 7, kisha akapelekwa uhamishoni visiwani. Serikali ikaona imeshika mzizi wa fitina. Lakini Februari risasi zikalia Sisilia, huko Troina na Modica, ambako Malatesta hakuwa na lolote. Mwishoni mwa Aprili zamu ikawa ya Puglia: Bari, Foggia, Minervino Murge. Kila mahali mambo yalikwenda karibu kwa namna moja. Wanawake hutangulia, wengi wakiwa na watoto. Huenda kwenye ofisi ya mji kudai bei ishushwe. Meya hajitokezi, au hutoa ahadi. Mawe hurushwa, vibanda vya ushuru huchomwa, ghala la unga huvunjwa, kisha askari huja. Kusini walikufa kwa makumi kabla Milano haijasikika.

Bari kulikuwa na jenerali mmoja, Luigi Pelloux, aliyekabidhiwa kurudisha utulivu. Alikataa kutangaza hali ya hatari. Aliona mamlaka ya kawaida yanatosha, na yakatosha. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, maana linaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo, na mtu aliyeitumia alikuwa mwanajeshi.

Serikali iliita tena jeshini vijana wa askari wa akiba. Desturi ya jeshi la Italia ilikuwa kumpeleka kijana mbali na kwao: Msisilia akalinde Lombardia, mtu wa Piemonte akalinde Calabria. Hivyo askari wengi waliosimama mitaani Milano walikuwa watoto wa wakulima wa mikoa mingine, wasioielewa lahaja ya watu waliotakiwa kuwalenga. Waliambiwa mbele yao kuna mapinduzi.

Tarehe 5 Mei, Pavia, kilomita kama 35 kusini mwa Milano, wanafunzi na wafanyakazi waliandamana. Askari walifyatua risasi na kumuua kijana mmoja, Muzio Mussi, mwana wa Giuseppe Mussi, mbunge wa radikali aliyejulikana nchi nzima. Kesho yake, Ijumaa, habari zilikuwa zimeshafika kwenye kiwanda cha mpira cha Pirelli mjini Milano. Karatasi za kuilaumu serikali zilisambazwa kwa wafanyakazi, polisi wakawakamata waliokuwa wakizigawa, na wenzao wakazuia njia wakidai waachiwe. Filippo Turati, wakili, mbunge na kiongozi wa chama cha wajamaa kilichoundwa Genova mwaka 1892, alikwenda pale mwenyewe kuwasihi watu watulie na warudi nyumbani, akiwaambia siku yao bado haijafika. Jioni risasi zilipigwa hata hivyo. Wakafa wafanyakazi wawili na polisi mmoja.

Jumamosi tarehe 7 viwanda vilifungwa. Milano wakati ule ulikuwa mji wa watu karibu nusu milioni, mji wa viwanda kuliko wote nchini, na umati uliojaa barabarani ulikuwa wa namna zote: mafundi vyuma, wasichana wa viwanda vya nguo, wachuuzi, watoto. Katika Corso Venezia walipindua tramu na kukokota samani kutoka nyumbani mwao wakafanya vizuizi. Waliopanda juu ya paa waling'oa vigae wakavirusha. Silaha zao zilikuwa hizo, vigae na mawe. Mchana ule serikali ikatangaza hali ya hatari na kumpa mamlaka yote ya mji Jenerali Fiorenzo Bava Beccaris, mzee wa miaka 67 aliyeamuru majeshi ya eneo hilo. Aliweka makao yake katika uwanja wa mbele ya kanisa kuu, Duomo, farasi na mizinga wakiwa wamepangwa chini ya minara yake.

Jumapili tarehe 8 mizinga ilipigwa. Porta Ticinese, mtaa wa watu wa kipato cha chini, ulipata sehemu yake kubwa. Askari walilenga madirisha na paa kila waliposhuku kuna mtu, na kwa hiyo wengine walikufa wakiwa ndani ya nyumba zao, wakichungulia kuona kuna nini. Siku hiyohiyo, Torino, katika uwanja wa mbio za baiskeli uliopewa jina la Mfalme Umberto, yalichezwa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa kandanda wa Italia. Timu zilikuwa 4, na zote zilimaliza mechi zao siku moja. Genoa, ikiwa na daktari Mwingereza James Spensley kikosini, iliifunga Internazionale Torino mabao 2 kwa 1 katika dakika za nyongeza. Kila mwaka mashabiki wa mpira huikumbuka tarehe 8 Mei 1898, na wana haki. Laiti wangekumbuka pia kwamba mwendo wa saa chache kwa treni kutoka uwanja ule, mizinga ya nchi yao ilikuwa ikielekezwa kwenye mitaa ya nchi yao.

Jumatatu ndiyo siku ambayo mimi siwezi kuipita haraka. Mji ulikuwa umeshanyamaza. Lakini makamanda walikuwa bado wakilitafuta jeshi la waasi ambalo walikuwa wameambiwa lipo, na uvumi ukawafikia kwamba risasi zinapigwa kutoka kwenye monasteri ya Wakapuchini karibu na Porta Monforte, na kwamba ndani yake wamejificha wanafunzi waliovaa kanzu za watawa. Mzinga ukaletwa. Ukuta wa monasteri ukapigwa mpaka ukatoboka, na askari wakaingia kwa tundu hilo tayari kwa vita. Walichokikuta ni watawa, na pamoja nao maskini wa mji waliokuja kupanga foleni ya supu, kama ilivyokuwa desturi ya mahali pale. Wote walikamatwa. Watawa na ombaomba walipitishwa mitaani chini ya ulinzi wa bunduki kama mateka wa vitani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Hapa alimwona uso kwa uso, bakuli mkononi, na bado akamhesabu kuwa adui.

Hesabu rasmi ya raia waliokufa Milano ni 80, na majeruhi 450. Wapinzani wa serikali walisema waliokufa ni wengi zaidi ya hapo, hata mamia. Kati ya askari na polisi walikufa wawili. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja, hata kwa takwimu za serikali yenyewe, neno uasi linapoteza maana. Uasi wenye silaha hauui wawili na kufiwa na themanini.

Baada ya mizinga zikaja mahakama. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa pia Firenze, Livorno na Napoli, na katika mikoa hiyo raia walipelekwa mbele ya majaji wa kijeshi. Milano mahakama ilikaa ndani ya Castello Sforzesco, ngome ya zamani ya watawala wa mji. Turati, yule aliyekwenda kuwatuliza wafanyakazi wa Pirelli, alihukumiwa kifungo cha miaka 12, ingawa alikuwa mbunge. Miaka 12 pia alipewa Luigi De Andreis, mbunge aliyetaka jamhuri. Anna Kuliscioff, mzaliwa wa Urusi na mwenzi wa Turati, daktari aliyewatibu wanawake maskini wa Milano, alipewa miaka 2. Carlo Romussi wa gazeti la Il Secolo na Gustavo Chiesi wa L'Italia del Popolo walifungwa. Na pamoja na watu hao wasioamini kanisa akafungwa miaka 3 padri, Don Davide Albertario, mhariri wa L'Osservatore Cattolico, aliyekuwa adui yao mkubwa katika kila jambo isipokuwa moja: wote waliandika kwamba watu wana njaa. Maelfu ya kamati za parokia zilivunjwa kama zilivyovunjwa vyama vya wafanyakazi. Kardinali Andrea Ferrari, askofu mkuu wa Milano, hakuwa mjini siku zile. Alikuwa kwenye ziara ya kichungaji, na lawama za kutokuwapo kwake zilimfuata kwa muda mrefu.

Palikuwa na waliokataa kuimba wimbo uliotakiwa. Eugenio Torelli Viollier, mwanzilishi wa Corriere della Sera, alikuwa mtu wa mrengo wa wastani, hana ujamaa wala uanarkisti. Wenye gazeti walipotaka liunge mkono matumizi ya mabavu, yeye aliondoka katika gazeti aliloliasisi. Napoleone Colajanni, daktari na mbunge kutoka Sisilia, aliandika mwaka huohuo kitabu kizima juu ya machafuko, akipekua mishahara, kodi na bei za vyakula mkoa kwa mkoa. Vilfredo Pareto, mwanauchumi aliyekuwa akifundisha Lausanne nchini Uswisi na aliyeuchukia ujamaa kwa hoja nzito, aliwafungulia nyumba yake wakimbizi wa Milano. Watu hawa watatu hawakukubaliana juu ya mengi. Walikubaliana kwamba kulikuwa na njaa.

Mwanzoni mwa Juni Mfalme Umberto I alimtunuku Bava Beccaris nishani ya kijeshi ya Savoia, na katika mwezi uleule akamfanya seneta. Ni kitendo kidogo, karatasi na kipande cha dhahabu. Lakini nadhani hakuna jambo alilolifanya Umberto katika miaka yake 22 ya utawala lililomgharimu zaidi. Mpaka hapo watu waliweza kusema mfalme hakujua, au alidanganywa na mawaziri. Waliompenda walimwita Mfalme Mwema. Baada ya nishani ile hapakuwa na pa kumfichia. Familia zilizokuwa bado kwenye tanga zilisoma gazetini kwamba aliyewaua wapendwa wao amelihudumia taifa.

Rudinì hakunufaika. Baadhi ya mawaziri wake walimkimbia, bunge halikuwa tayari kupitisha sheria kali alizozitaka, na kabla Juni haijaisha akajiuzulu. Mfalme akamwita Pelloux, jenerali yule wa Bari, na wengi wakapumua wakidhani amekuja mtu wa busara. Mwanzo ulikuwa mzuri. Baadaye, mwaka 1899, Pelloux naye alileta bungeni sheria za kubana magazeti, mikutano na migomo, na wabunge wa upinzani wakazipinga kwa hotuba za saa nyingi na hata kwa kupindua masanduku ya kura, mpaka uchaguzi wa 1900 ukamwondoa. Busara ya Bari ilishindwa kukaa Roma.

Turudi kwenye mwaka 1898 wenyewe, ambao ulikuwa na mengine. Mwishoni mwa Mei, katika kanisa kuu la Torino, Sanda inayoaminiwa na wengi kuwa ilimfunika Yesu ilionyeshwa kwa waumini, na wakili mmoja mpenda picha, Secondo Pia, akaruhusiwa kuipiga picha kwa mara ya kwanza. Usiku wa tarehe 28 aliposafisha bamba lake la kioo aliona uso wa mtu ukijitokeza wazi kuliko unavyoonekana kwenye kitambaa chenyewe. Mabishano yaliyoanza usiku ule hayajaisha hadi leo.

Tarehe 10 Septemba, Geneva, Luigi Lucheni, kibarua Mwitalia aliyezaliwa Paris na kutupwa na mama yake, alimchoma Elisabeth, mke wa Kaizari wa Austria, kwa tupa iliyonolewa, akamuua. Mwanamke huyo hakuwa amemkosea mtu huyo neno. Ulaya nzima ikaitazama Italia kama nchi inayosafirisha wauaji, na serikali ya Roma ikajibu kwa kuitisha mkutano wa kimataifa dhidi ya waanarkisti, uliokaa mjini humo kuanzia tarehe 24 Novemba hadi tarehe 21 Desemba. Wajumbe walijadili polisi, usajili wa wahalifu na kurudishwa kwa watuhumiwa makwao. Nasikitika kuona jinsi mkutano ule ulivyofanana na yale ya Mei: mabwana wenye elimu, meza ndefu, na maswali yote isipokuwa lile la nini kinamfanya kijana asiye na mtu wala kitu afike pale.

Tarehe 26 Desemba Milano ilipata faraja yake. Jumba la opera la La Scala, lililokuwa limefungwa msimu mzima uliotangulia baada ya mji kuondoa ruzuku yake, lilifungua milango, na kijana wa miaka 31, Arturo Toscanini, akaongoza opera ya Wagner. Siku hizohizo baadhi ya waliofungwa walianza kusamehewa, Kuliscioff akiwa miongoni mwao. Turati alitoka mwaka uliofuata, wapiga kura wakamrudisha bungeni. Na mnamo Desemba 1899 watu wa Milano walipochagua baraza jipya la mji, wahafidhina walishindwa, na meya akawa Giuseppe Mussi, baba wa kijana aliyeuawa Pavia.

Mbali na hapo, Paterson katika jimbo la New Jersey, mji wa viwanda vya hariri uliojaa Waitalia, alikuwapo mfumaji mmoja wa Prato aitwaye Gaetano Bresci. Habari za Milano alizisoma kwenye magazeti ya wahamiaji, na habari ya nishani ikamkaa moyoni. Alinunua bastola, akapanda meli, na usiku wa tarehe 29 Julai 1900, huko Monza, Umberto alipokuwa akiondoka katika hafla ya wanamichezo, alimpiga risasi akamuua. Mbele ya mahakama alisema alitaka kulipiza kisasi cha waliokufa Milano na Sisilia. Italia ilikuwa imeshafuta adhabu ya kifo, kwa hiyo alifungwa maisha, na mwaka uliofuata alikutwa amekufa katika chumba chake gerezani kisiwani Santo Stefano.

Mfalme mpya, Vittorio Emanuele III, mapema mwaka 1901 alimkabidhi serikali Giuseppe Zanardelli, aliyekuwa waziri wa sheria wa Rudinì na aliyemwacha mkono baada ya Mei. Giovanni Giolitti akawa waziri wa mambo ya ndani, na akaliambia bunge kwamba mgomo wa kudai mshahara si kosa na kwamba serikali haina kazi ya kumsaidia mwenye mali dhidi ya mfanyakazi wake. Mwaka huo migomo ilizuka kwa mamia, viwandani na mashambani, na mingi ilimalizika kwa mishahara kupanda, bila hali ya hatari kutangazwa popote. Ila mwezi Juni, huko Berra katika jimbo la Ferrara, vibarua wa mashamba waliogoma walipotaka kuvuka daraja kuwafikia walioletwa kushika kazi zao, askari walifyatua risasi, na watu watatu wakafa.